Kwa nini ninga wanajaa kwenye mti mzima na usimwone hata mmoja?

Ushawahi kusimama chini ya mkuyu wenye matunda, unasikia vipande vya makuyu vinadondoka, huko juu purukushani, ukiinua kichwa unaona majani tu? Halafu ukipiga makofi kundi zima linachomoka, mabawa yanapiga kelele balaa. Hao ndo ninga, njiwa wa porini kabisa, ila ukiwatafuta kwa sura ya njiwa wa kijivu wa mabandani utakesha.

Ninga kavaa kombati. Mwili kijani kinachoelekea njano, begani baka la zambarau, mapajani manyoya ya njano kama kavuta soksi, miguu myekundu, mdomo mwekundu shinani na ncha nyeupe, jicho bluu ya kupauka. Ukimwona kwenye picha utasema huyu hawezi kujificha popote, kumbe akiwa juu kule, jua linapenya kidogo, kivuli kidogo, rangi zote zinamezwa na majani.

Lakini mi naona siri kubwa sio rangi, ni nidhamu. Akihisi mtu anaganda hapo hapo, hatikisiki wala halii, anakusubiri upite, ukisogea karibu mno ndo anatoka nduki.

Kingine, chini hashuki sana. Njiwa wengi wanaokota mbegu ardhini, huyu chakula chake kikubwa ni matunda, hasa ya mikuyu na jamii yake, na kwa kuwa mengine yako kwenye vitawi vyembamba basi ananing'inia kichwa chini miguu juu kama kasuku, yani njiwa mwanasarakasi.

Hata sauti itakuchanganya, maana ye halii ile guu guu ya njiwa, anaanza na filimbi tamu kisha anamalizia na mikoromo na mikwaruzo kama mlango usiotiwa mafuta. Kiota ni vijiti vichache tu, yai moja au mawili, basi.

Ila ukifika kisiwa cha Pemba hiyo habari ya kijani punguza, kule kuna ninga wao ambaye hapatikani kwingine duniani, kichwa, shingo na tumbo ni kijivu, kijani kimebaki mgongoni na mabawani, kwa hiyo usije ukampita ukidhani ni njiwa wa kawaida.