Uchangamano wa kikokotozi: sentensi ikirefuka, mashine ya kutafsiri inataabika kiasi gani?

"Mtoto wa jirani aliyehamia Iringa amerudi." Mtu akikuambia hivyo pale sokoni Mwanjelwa, utamuuliza: aliyehamia Iringa ni nani, mtoto au jirani? Wote ni watu, ngeli yao moja, na "aliye" haiamui. Lakini "gunia la viazi vya Uyole" halimchanganyi mtu: "vya" imeshika viazi, ingekuwa "la", ingeshika gunia. Wanaolalamika kwamba ngeli ni mzigo wangefikiria hilo kidogo.

Mashine inayotafsiri kwa sarufi lazima ijue neno lipi limeshikana na lipi. Huyafunga maneno mawili mawili, kisha mafungu kwa mafungu, hadi sentensi nzima iwe fungu moja. Kila namna ya kufunga huitwa mti. Sentensi ya maneno 10 ina miti 4,862. Ya maneno 20 ina 1,767,263,190.

Uchangamano wa kikokotozi ni kipimo cha ongezeko hilo: sentensi ikirefuka, kazi inakua kwa mwendo gani? Hakijali kompyuta yako ni mpya au ya zamani. Kazi ikilipuka namna hii, kompyuta yenye kasi maradufu itakusogeza neno moja tu mbele, au hata hilo usilipate.

Dawa mojawapo ni mbinu ya CKY, herufi za Cocke, Younger na Kasami. Inafanya kazi kama mwenye duka na daftari lake la madeni. "Gunia la viazi" likishatambuliwa kuwa fungu la nomino, linaandikwa. Mti wowote unaolihitaji unasoma daftarini, hauanzi upya. Kwa maneno 10, mikato ya kujaribu, yaani mahali pa kugawa kila fungu kuwa mawili, ni 165. Kwa 20, ni 1,330. Urefu mara mbili, kazi karibu mara nane: ndiyo maana huandikwa n³, n ikiwa idadi ya maneno. (Sarufi yenye kanuni nyingi huongeza gharama yake juu ya hapo.)

Kutafsiri kunaleta lugha ya pili, na mpangilio wake. Sisi tunasema "viazi vikubwa vitatu vile". Mwingereza huanza na vile, kisha vitatu, kisha vikubwa, viazi mwisho. Mwaka 1997 mtafiti Dekai Wu alieleza sarufi ambayo kila fungu lina hiari mbili tu: kubaki lilivyo au kugeuzwa. Maneno manne yanaweza kupangwa kwa namna 24. Sarufi hii inaruhusu 22, inakataa 2-4-1-3 (neno la pili kwanza, kisha la nne, la kwanza, la tatu) na 3-1-4-2. Kuchanganua sentensi mbili kwa pamoja hivyo kunagharimu n⁶, yaani ukirefusha zote mara mbili, kazi inakuwa mara 64.

Ni ghali, lakini kwangu ni biashara nzuri. Mwaka 1999 mtafiti mwingine, Kevin Knight, alionyesha kwamba ukiacha maneno yahame popote, kutafuta tafsiri bora kabisa kunaingia kwenye kundi la matatizo ambayo hakuna aliyewahi kuyapatia njia ya haraka.

Hata n⁶ huwa nzito, kwa hiyo watengenezaji hupogoa: kila mstari wa daftari unabakiza mafungu machache yenye alama nzuri, mengine yanatupwa. Jirani aliyehamia Iringa anaweza kutupwa hapo, abaki mtoto, ilhali sentensi inayofuata ilikuwa inasema nyumba ya jirani imeuzwa.