Msongo si msongamano

Juzi nilihudhuria kikao kimoja hapa Amu, yaani Lamu, cha kuchukua maoni ya wananchi kuhusu umeme, na kwa muda wa saa moja na nusu nikayahesabu maneno manne yakitumika kwa kitu kimoja: uhaba, mgao, msongo na msongamano. Msemaji alikuwa kijana msomi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Kila alipofika kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme wa nchi, alisema "msongo wa gridi", akimaanisha msongamano. Mzee mmoja jirani yangu akaniinamia: "Kumbe hata stima ina mawazo?" Nikacheka, lakini nilirudi nyumbani na kinyongo.

Basi maana kwanza, tena upesi. Msongamano wa gridi ni pale nyaya, transfoma au kituo cha kupoza umeme kinapofika mwisho wa uwezo wake wa kupitisha, ilhali umeme uko upande ule na anayeutaka yuko upande huu. Umeme upo, mteja yupo, njia imejaa. Kikomo chenyewe si cha kwenye karatasi. Waya ukipitisha mkondo mwingi hupata moto, ukipata moto hurefuka na kulegea kuelekea miti iliyo chini yake, na kabla haujafika huko mitambo ya ulinzi huukata. Tena wanaosimamia gridi hawawezi kuijaza laini pomoni, kwa sababu lazima wabakishe nafasi ili laini moja ikianguka, mwenzake aweze kuubeba mzigo.

Uhaba ni kingine: umeme wenyewe haupo. Mgao si ugonjwa hata kidogo, ni dawa, tena chungu, nao hutolewa kwa uhaba na kwa msongamano vilevile. Ndiyo maana mtu akikatiwa stima saa moja usiku hawezi kujua kwa kukaa gizani tu ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomfika.

Sasa tuje kwenye lililoniudhi.

Msongo na msongamano ni watoto wa mama mmoja, kitenzi "songa". Kitenzi hiki kina kazi nyingi nyumbani. Sima husongwa, na aliyewahi kuisonga ya watu ishirini anajua bega linavyouma. Nywele husongwa, kwa wale wanaolikumbuka neno hilo kabla ya "kusuka" kulifunika. Nguo iliyofuliwa husongolewa ikatoka maji. Kote humo mna kukaza, kubana, kutia nguvu kitu kisichotaka kwenda. Hata "kusonga mbele" kwa asili ni kujipenyeza, si kutembea kwa raha.

Ukichukua "songa" ukamalizia kwa "o", kama "sema" inavyozaa "msemo", unapata msongo: ile nguvu yenyewe ya kubana. Kwa hivyo msongo wa mawazo ni sawa kabisa. Na mafundi wa Tanzania, ambao katika jambo hili wametushinda, walilichukua neno hilo wakaliweka mahali pa "volteji". Huko utasikia bila wasiwasi "njia ya umeme ya msongo wa kilovoti 400", na msikilizaji anaelewa. Ni neno zuri. Msongo ndio unaousukuma mkondo upite kwenye waya.

Songamana ni habari nyingine. Hiyo "-mana" iliyoko mwishoni tunaijua kwenye shikamana na fungamana: ni kitu na kitu, vikikutana vikashikana. Mtu mmoja akiwa peke yake chumbani anaweza kuwa na msongo. Hawezi kuwa na msongamano, hata akinenepa vipi.

Mtu atasema naleta ushairi kwenye mambo ya nyaya. Lakini sikiliza, kwa maana hapa ndipo kosa lenyewe linapogeuka kuwa kubwa: kwenye umeme, msongo mkubwa hupunguza msongamano. Maneno haya mawili anayoyachanganya kijana wetu karibu yanavutana.

Tazama punda wetu. Kichochoro cha mtaa wetu wa Mkomani upana wake ni punda mmoja na mtu aliyejibanza ukutani. Mchanga wa ujenzi unashushwa pwani, nyumba inayojengwa iko juu huko, na punda kumi wametumwa. Wakikutana na wengine kumi wanaorudi na magunia matupu, hapo pana msongamano, na mwenye nyumba atapiga simu kuuliza mchanga uko wapi, naye ataambiwa uko. Upo kweli, uko chini pale. Sasa ikiwa kila punda angeweza kubeba mara mbili, ungetuma watano tu na mchanga ungefika uleule. Idadi ya punda ni mkondo. Mzigo wa kila punda ni msongo. Kichochoro ni waya, na hakipanuki kwa sababu umekasirika.

Kwa umeme faida ni kubwa kuliko ya punda, maana joto linalopotea kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo. Ukipandisha msongo mara mbili, mkondo unashuka nusu, na joto linalopotea njiani linabaki robo. Ndiyo sababu laini za masafa marefu hujengwa kwa mamia ya kilovoti na minara mirefu vile, ingawa mwisho wa safari unachohitaji wewe ni voti 240 za kuchaji simu.

Mfano wa kwetu Pwani ninaoupenda ni laini ya kutoka Isinya, karibu na Nairobi, hadi Mariakani, karibu na Mombasa. Ilijengwa kwa kilovoti 400. Ilipowashwa mwaka 2017 ikaendeshwa kwa kilovoti 220, kwa kuwa kituo cha kuupoza umeme huo wa 400 upande wa Mariakani hakikuwa tayari. Waya ni uleule, minara ni ileile, mabilioni yameshalipwa, lakini kwa mkondo uleule ilikuwa ikipitisha nusu na kidogo ya kile kilichokusudiwa. Ni punda wenye nguvu waliotandikwa vikapu vya watoto. Pale palihitajika msongo ili msongamano upungue. Ukisema "tatizo ni msongo mkubwa kwenye gridi", umemwambia daktari kinyume cha ugonjwa.

Na daktari hutibu alichoambiwa. Ukiita kila giza uhaba, dawa itakayoletwa ni kiwanda cha kuzalisha. Hapa Lamu hatuhitaji kukumbushwa. Kwasasi ilikuwa ipate mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, wakati kilele cha matumizi ya Kenya nzima hakikuwa kimefika megawati 2,000. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa za mazingira ikaifuta leseni yake. Waliokuwa wakiupinga walizungumza sana juu ya samaki, mikoko na moshi, nao walikuwa na haki. Lakini kulikuwa na swali jingine ambalo halikusikika vya kutosha: umeme wote huo ungepita wapi, na nani angeulipia siku ambazo haukupata mnunuzi?

Maana mikataba mingi ya umeme humlipa mzalishaji kwa kuwa tayari, umeme wake uwe umenunuliwa au haukununuliwa. Kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ilisimamishwa yote kufikia 2017. Laini ya kuuleta umeme huo Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikaunganishwa Septemba 2018. Katikati hapo upepo ulivuma bure na serikali ikalipa fidia ya mabilioni ya shilingi. Tena pale hata msongamano haukuwapo, maana njia yenyewe haikuwapo.

Kwa hiyo mtu akikwambia "nishati nafuu na endelevu", usimuulize tu umeme unatokana na nini. Jua ni safi, upepo ni safi, mvuke wa ardhini wa Olkaria ni safi. Saa tisa usiku, watu wamelala, mvuke huo hulazimika kuachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Hiyo nayo si msongamano, ni ziada. Saa moja jioni nchi ileile inatafuta umeme kwa tochi, jua la Malindi limeshatua pamoja na paneli zake za Langobaya, na mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai inanguruma. Gharama ya mafuta hayo inaingia kwenye tokeni ya kila mtu, hata aliyeko Kakamega ambaye hajawahi kuiona bahari. Kupanga nishati ya taifa, kwa sehemu kubwa, ni kupanga saa na njia. Wenye viwanda wamekuwa na bei ya chini ya usiku tangu 2017. Sisi wa majumbani bado tunasubiri mtu atufikirie. Na tusidhani ni ugonjwa wa maskini peke yao: Uholanzi, pamoja na utajiri wake, ina makampuni yaliyopanga foleni kuunganishwa kwenye gridi iliyojaa.

Nirudi kwa yule kijana, nisije nikamwonea. Kuna jambo linalomtetea. Laini ndefu ikibebeshwa mzigo mzito, msongo hushuka mwishoni mwake, na sisi tuko mwishoni: umeme wetu unatoka Rabai, unapita Malindi na Garsen, zaidi ya kilomita 300, ndipo ufike huku. Kwa hiyo msongamano kule waweza kuonekana huku kama msongo uliopungua. Homa na malaria huja pamoja, lakini hakuna anayemeza dawa ya homa akadai amepona malaria.

Jioni ya siku ileile nilipita kwa jirani yangu anayewauzia wavuvi barafu. Naye alikuwa kwenye kikao. Feni yake ilikuwa ikizunguka polepole kiasi cha kuhesabu mapanga yake, na mota ya friza inanguruma bila kuwaka sawasawa. Akanionyesha kipimo alichokichomeka ukutani: voti 187, badala ya 240. Akasema kwa sauti ya mtu aliyejifunza neno jipya, "Waona, bwana? Msongamano."

Nikamwambia, "La, bwana. Hapa kwako ndipo lile neno lingine linapofaa. Huu ni msongo, tena umeshuka. Izime hiyo friza kabla mota haijaungua, uigandishe barafu mchana."

Akaizima. Kisha akaniuliza, sasa yule kijana alikuwa amekosea au amepatia?

Nikamwambia amekosea kule, akapatia hapa kwako bila kujua.