Simu na ziara za mtandaoni katika jiografia ya chuo kikuu: dhana potofu na ukweli

Dhana: ukiwa na ziara ya mtandaoni, yaani kutembelea mahali kwa ramani na picha za kwenye skrini, huna haja ya kukanyaga tope.

Hii hupendwa sana na wanaopanga bajeti, na ndiyo mbovu kuliko zote. Chukua mikoko ya hori ya Tudor, Mombasa. Kwenye picha ya setilaiti, msitu mzima ni kijani kimoja. Ukiingia ndani unakuta mlilana mbele, majini, nyuma yake mkoko wenyewe, aina yenye mizizi ya upinde, kisha mkandaa, na mchu, ambao unaweza kukutana nao upande wa bahari na upande wa nchi kavu pia. Mpangilio huo unatokana na muda ambao mizizi hukaa majini na kiasi cha chumvi udongoni, na chumvi haionekani kwenye kioo cha simu.

Kazi ya ziara ya mtandaoni ni kuokoa saa za uwandani, maana ni chache: maji yakipwa, una saa tatu au nne hivi kabla hayajarudi. Basi wiki moja kabla, wanafunzi wachore mstari kwenye Google Earth, programu ya picha za setilaiti, kutoka nchi kavu hadi ukingo wa maji, watie alama vituo na wakubaliane njia ya kuingilia. Siku yenyewe kila kundi liende moja kwa moja kituoni kwake, lipime kiwanja cha mita 10 kwa 10, liandike jina na unene wa kila mti. Miti mingine hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, la sivyo mtu atapima mizizi akidhani ni shina. Kabla ya kuondoka, ipigwe picha moja ya nyuzi 360 katikati ya kiwanja, kamera ikiwa usawa wa macho. Hiyo ndiyo ziara ya mtandaoni yenye faida: aliyeandika "mkandaa" huku ana shaka atarudi kuutazama vizuri pichani.

Dhana: picha mbili za miaka tofauti zinaonyesha jinsi bahari ilivyokula ufuo.

Hapa ripoti nyingi huharibika. Mombasa, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Ufuo ukiwa na mteremko wa 1 kwa 50, mita 3 za wima ni mita 150 za mlalo. Picha ya zamani ikiwa ilipigwa maji yamekupwa na ya karibuni maji yamejaa, ufuo wa Bamburi utaonekana umemezwa, kumbe haujasogea. Google Earth hukupa tarehe ya picha, haikupi saa. Kwa hiyo achana na ukingo wa maji. Fuata mstari inapoanzia mimea ya kudumu. Linganisha pia miezi ya msimu mmoja, kwa kuwa kaskazi na kusi kila moja huhamisha mchanga kwa namna yake.

Dhana: bila bando, GPS haifanyi kazi.

Simu hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja. Kinachotaka intaneti ni ramani, nayo unaweza kuipakua mapema ukiwa chuoni, pamoja na fomu za KoboCollect au ODK Collect, programu za kujazia data kwenye simu, kisha majibu yakatumwa jioni. Bila bando simu huweza kuchukua dakika kadhaa kujua iko wapi, basi iwashe kabla hamjafika. Kuhangaikia chaji kuna maana zaidi.

Dhana: desimali nyingi kwenye namba za mahali zinazotolewa na simu maana yake ni usahihi.

Mahali peupe, simu hukosea kama mita 5. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale mawimbi hugonga kuta kabla ya kuifikia, na kosa huongezeka. Kimo ndicho kituko: programu kadhaa za Android hupima kutoka umbo la kihesabu la dunia, si usawa wa bahari. Usimame mchangani Nyali, uambiwe uko zaidi ya mita 20 chini ya sifuri! Simu ni nzima. Pwani hii usawa wa bahari wenyewe uko chini ya umbo hilo.

Ramani za zamani za Kenya za 1:50,000 nazo zilichorwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, ilhali simu inatumia WGS 84. Usipobadilisha mfumo ndani ya QGIS, programu ya kutengenezea ramani, alama itahama karibu mita 300, yaani milimita 6 kwenye karatasi, na kituo chako cha mikoko kinaweza kuangukia majini.

Dhana: lazima kununua miwani ya uhalisia pepe.

Projekta inatosha. Google ilifunga Expeditions, programu yake ya ziara za mtandaoni za masomo, mwaka 2021, na aliyekuwa amejenga masomo yake yote humo ilibidi aanze upya. Hifadhi picha zenu wenyewe kwenye diski.

Dhana: picha iliyotumwa WhatsApp inabaki na mahali ilipopigwa.

Haibaki. WhatsApp huibana picha na kuondoa taarifa hizo. Itume kama dokumenti, baada ya kuhakikisha kamera imeruhusiwa kurekodi mahali, na jina la faili libebe namba ya kituo.