Chombo cheupe cha angani hugeuka manjano hata gizani

Wakusanyaji wengi wa vyombo vya angani vya kuchezea wanaamini kwamba plastiki nyeupe hugeuka manjano kwa sababu ya jua peke yake, hivyo kilichofichwa ndani ya boksi kitabaki cheupe.

Jua linachangia, tena sana. Lakini ABS, plastiki ngumu iliyotumika kwenye vyombo vingi vya miaka ya 1970 na 1980, ina chembechembe za mpira ambazo huungana polepole na oksijeni ya hewani. Joto huharakisha hali hiyo hata pasipo mwanga. Kwa hiyo boksi lililowekwa darini, chini ya bati, si mahali salama. Ndiyo maana pia bawa moja linaweza kubadilika na jingine lisibadilike ingawa yako rafu moja: michanganyiko ya plastiki ilitofautiana.

Kuhakikisha ni rahisi. Fungua kifuniko cha betri, ulinganishe rangi ya ndani na ya nje. Ikiwa hata ndani pameiva manjano, mwanga sio sababu pekee. Haidrojeni peroksaidi, kemikali ya kung'arisha, huurudisha weupe, ila manjano yanaweza kujitokeza tena, na mimi nisingeihatarishia stika za zamani.

Vidoli laini vya wahusika ni habari nyingine. PVC, plastiki inayotumika kuvitengeneza, hutoa vilainishi vyake (kemikali zinazoifanya iwe laini) na kuanza kunata, hasa vikifungiwa pasipo hewa. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, vikauke vizuri, kisha viweke kwenye kabati lenye hewa na ubaridi.