Mungu ni Yule Yule: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Jehanamu

Katika kufundisha Maandiko kwa makatekista, wainjilisti na waumini wanaojiandaa kwa kipaimara, hakuna kauli ninayoisikia mara nyingi kuliko hii: kwamba Mungu wa Agano la Kale ni Mungu wa hasira, vita na adhabu, ilhali Mungu wa Agano Jipya, yaani Yesu, ni Mungu wa upendo asiyemhukumu mtu yeyote. Husemwa kwa nia njema, na mara nyingi msemaji ni mtu aliyeumizwa na mahubiri ya kutisha kuhusu Jehanamu, naye anatafuta mahali pa kupumua. Namwelewa mtu huyo. Hata hivyo, faraja anayojipa imejengwa juu ya Biblia ambayo hajaisoma, na hatimaye inamwachia Mungu aliyegawanyika, ambaye upande mmoja ni Baba wa kuogopwa na upande wa pili ni Mwana wa kukimbiliwa.

Nianze na Jehanamu yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoipindua dhana hii upesi zaidi. Mtu akilisoma Agano la Kale lote akitafuta mafundisho ya adhabu ya milele baada ya kifo, atapata machache mno. Torati inazungumzia baraka na laana za hapa duniani: mvua na ukame, mavuno na njaa, kukaa katika nchi na kufukuzwa humo. Wafu, wema kwa wabaya, hushuka kuzimu, mahali pa giza na ukimya. Danieli 12:2 inataja watakaoamka kwa uzima wa milele na watakaoamka kwa aibu ya milele, na Isaya 66:24 inataja funza wasiokufa na moto usiozimika. Zaidi ya hapo hakuna mengi. Sasa msomaji huyo huyo afungue Injili. Jina la Jehanamu linatokea mara 12 katika Agano Jipya, na mara 11 kati ya hizo linatoka kinywani mwa Yesu, katika Mathayo, Marko na Luka. Mara iliyobaki ni katika Waraka wa Yakobo, unaposema juu ya ulimi. Paulo halitumii kabisa. Aliyesimulia habari za tajiri na Lazaro ni Yesu, aliyeonya kuhusu giza la nje na kusaga meno ni Yesu, na aliyewatenga kondoo na mbuzi katika Mathayo 25 ni Yesu. Kwa hiyo anayemkimbia Mungu wa Agano la Kale ili aepuke habari za Jehanamu, kisha akaenda kwa Yesu, amekwenda kwa yule yule aliyeifundisha kuliko wote.

Upande wa pili wa dhana hii nao hausimami. Katika Kutoka 34:6, Mungu anapojitambulisha kwa Musa, jambo la kwanza analolisema juu yake mwenyewe si nguvu wala kisasi. Anajiita Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, asiye mwepesi wa hasira. Waisraeli waliyashika maneno hayo kama kanuni yao ya imani, na ndiyo maana yanarudi katika Hesabu 14, Nehemia 9, Zaburi 86, 103 na 145, na Yoeli 2. Yona anayanukuu kwa uchungu: kilichomkasirisha ni kwamba Mungu aliwahurumia watu wa Ninawi, mji wa Waashuri waliokuwa tishio kwa taifa lake, naye anasema waziwazi kwamba aliikimbia kazi ile kwa sababu alijua Mungu ni mwenye huruma. Zaburi 136 ina mistari 26, na kila mmoja unamalizika kwa kukiri kwamba fadhili za Mungu ni za milele. Amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, ambayo wengi wanadhani Yesu ndiye aliyeianzisha, imo katika Mambo ya Walawi 19:18. Na katika Hosea 11 Mungu anazungumza kama mzazi aliyemfundisha mtoto kutembea, kisha hawezi kumwacha ingawa mtoto amemgeuka. Mimi huwaomba wanafunzi wangu wasitamke neno lolote kuhusu Mungu wa hasira wa Agano la Kale kabla hawajasoma Hosea 11 na Mathayo 23, ambako Yesu anawakemea waandishi na Mafarisayo, kwa mkao mmoja, kisha waniambie ni ipi kati ya sura hizo inayotisha zaidi.

Kanisa liliwahi kukutana na dhana hii ikiwa imekamilika, na likaikataa. Karibu mwaka 140 alifika Roma tajiri mmoja mwenye meli, Marcion, kutoka Sinope, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Alifundisha kwamba kuna miungu wawili: mmoja ni muumba wa ulimwengu, mkali na mwenye kulipiza, na mwingine ni Baba wa Yesu, mwema, asiyejulikana kabla ya Kristo. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata hoja yake hadi mwisho, alilitupa Agano la Kale lote, akabaki na Injili ya Luka aliyoipunguza na nyaraka 10 za Paulo. Mwaka 144 kanisa la Roma lilimtenga na kumrudishia fedha nyingi alizokuwa amelitolea. Tertullian wa Karthago, mwandishi Mkristo wa Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu vitano vya kumpinga, na swali lake kubwa bado halijapata jibu: mungu anayekataza dhambi lakini haadhibu chochote, je, kweli anaichukia dhambi hiyo? Mjane aliyedhulumiwa shamba lake hana faida na mungu asiyehukumu. Wanaosema kwamba hukumu na upendo haviwezi kukaa pamoja, mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kuhitaji mtu awahukumie haki yao.

Sisemi kwamba kurasa zote ni nyepesi. Amri ya kuwaangamiza Waamaleki katika 1 Samweli 15, na vita vya kitabu cha Yoshua, vimewasumbua wasomaji waaminifu tangu zamani, kiasi kwamba Origen wa Aleksandria, mwalimu wa Maandiko wa karne ya 3, alivifasiri vita hivyo kuwa ni mapambano ya roho dhidi ya dhambi. Anayesema kwamba havimsumbui hajavisoma kwa makini. Lakini usomaji wa haki huona pia kwamba katika Mwanzo 15:16 Abrahamu anaambiwa kwamba uzao wake utasubiri vizazi, kwa kuwa uovu wa Waamori, wenyeji wa Kanaani, haujatimia. Kwamba Rahabu Mkanaani aliokolewa na jina lake likaingia katika ukoo wa Yesu. Na kwamba Israeli wenyewe hawakupewa upendeleo, kwani Samaria iliangushwa na Waashuri karibu mwaka 722 KK na Yerusalemu ikachomwa na Wababeli mwaka 586 KK, na manabii wakasema kwamba hiyo ilikuwa hukumu ya Mungu wao mwenyewe.

Tawi la dhana hii linalonisikitisha zaidi, kwa sababu husikika hata mimbarani, ni lile linalomfanya Yesu kuwa mtu wa kumtuliza Baba. Picha inayochorwa ni ya nyumba ambamo baba amekuja na fimbo, na mtoto amejificha nyuma ya kanga ya mama. Msalaba, katika picha hiyo, unambadilisha Baba asiyetupenda kuwa Baba anayetuvumilia. Agano Jipya halisemi hivyo mahali popote. Yohana 3:16 inaanza na upendo wa Baba. Warumi 5:8 inasema Mungu anauthibitisha upendo wake mwenyewe kwa kuwa Kristo alikufa tulipokuwa bado wenye dhambi. Na 2 Wakorintho 5:19 inasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Ulimwengu ndio uliopatanishwa na Mungu. Isitoshe, Yohana 5:22 inasema kwamba Baba hamhukumu mtu yeyote, bali hukumu yote amempa Mwana, na kila Jumapili waumini wanakiri katika Kanuni ya Imani kwamba Yesu ndiye atakayekuja kuwahukumu wazima na wafu, kisha wanarudi nyumbani wakiamini kwamba hakimu ni Baba na Yesu ni wakili. Mtaguso wa Nisea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulipokiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, ulifunga mlango wa kudhani kwamba mmoja ana moyo na mwingine hana.

Neno ghadhabu lenyewe linahitaji uangalifu. Kwa Mungu, ghadhabu si kupandwa na hasira kama sisi tunavyopandwa. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba Maandiko yanamtajia Mungu hasira kwa lugha ya mfano, yakimaanisha adhabu ya haki, na kifungu cha kwanza kati ya Vifungu 39, tamko la mafundisho ya Kanisa la Anglikana, kinasema kwamba Mungu hana mwili wala viungo wala mihemko. Mwanadamu aliyekasirika anaweza kujuta kesho yake kwa alichokitenda. Mungu hahukumu kwa namna hiyo. Na kwa kuwa nimekwisha kuitaja Kutoka 34, niongeze: wahubiri wa kuvunja laana za ukoo hupenda mstari wa 7, unaosema juu ya kizazi cha tatu na cha nne, wakaruka maneno yanayotangulia, ya rehema kwa maelfu, na hawafiki kamwe kwenye Ezekieli 18, ambako Mungu anakataza kabisa usemi kwamba watoto huadhibiwa kwa dhambi za baba zao.

Dhana nyingine zinajibika kwa maneno machache. Shetani si mfalme wa Jehanamu. Mathayo 25:41 inasema moto huo umewekwa tayari kwa ajili ya Ibilisi na malaika zake, na katika Ufunuo 20:10 anatupwa humo kama wengine. Kwa sasa, kwa mujibu wa 1 Petro 5:8, anazunguka huku duniani. Picha ya Shetani anayewatesa watu humo ilienezwa na wachoraji wa Ulaya, kama Giotto alivyoichora huko Padua karibu mwaka 1305.

Kwamba Jehanamu ilikuwa jalala la Yerusalemu lililowaka moto usiku na mchana, na kwa hiyo Yesu alikuwa akisema juu ya takataka tu, ni dhana ya waliosoma kidogo kuliko wanavyojidhania. Maelezo hayo ya jalala yanaonekana kwanza kwa David Kimhi, rabi wa kusini mwa Ufaransa, karibu mwaka 1200. Bonde la Hinomu, karibu na Yerusalemu, ambalo jina la Jehanamu limetokana nalo, linajulikana katika Maandiko kwa jambo zito zaidi: ni humo ambamo Mfalme Ahazi na Mfalme Manase waliwachoma moto watoto wao kuwa sadaka, na katika Yeremia 7:31 Mungu anasema kwamba jambo hilo hakuliagiza wala halikuingia moyoni mwake. Mungu wa Agano la Kale, yule anayeitwa katili, ndiye aliyelilaani bonde hilo kwa ajili ya watoto.

Toharani, yaani hali ya kutakaswa baada ya kifo katika mafundisho ya Kanisa Katoliki, si Jehanamu ndogo wala nafasi ya pili ya kutubu. Walioko humo wamehakikishiwa wokovu wao.

Si kweli pia kwamba Wakristo wote wamefundisha jambo moja kuhusu adhabu hiyo. Kati ya maaskofu wa kale, Augustino wa Hippo alitetea mateso yasiyo na mwisho, Gregori wa Nyssa alitumaini kwamba mwishowe viumbe wote watarejeshwa kwa Mungu, na Wasabato, ambao ni majirani zetu wengi, wanafundisha kwamba waovu wataangamizwa na kutoweka. Mimi nafuata kundi la kwanza, lakini simwiti mpagani aliye katika kundi la tatu.

La mwisho ni lile linalosemwa misibani, kwamba aliyejiua yuko motoni, basi asiombewe. Katika Kanisa Katoliki, sheria ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya kikanisa waliojiua kwa makusudi. Sheria ya mwaka 1983 haiwataji tena miongoni mwa wanaonyimwa. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2282 na 2283, inasema kwamba ugonjwa mzito wa akili, uchungu au hofu kuu vinaweza kupunguza hatia ya mtu, kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, na kwamba Kanisa linamwombea. Kanisa hilo limewatangaza maelfu kuwa watakatifu, lakini halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko Jehanamu.