Barabara ya Inuvik–Tuktoyaktuk: hapana, hawakusahau lami

Kila picha za barabara hii zikisambaa, maneno ni yale yale: "Kanada nchi tajiri, wamemwaga dola milioni 300 hivi, halafu changarawe?" Wengine, tena wahandisi wenzangu, wanaongezea: "Wangekwangua udongo mbovu, wajaze kifusi kizuri, wapige lami." Basi leo tumalizane.

Ni kilomita 138 hivi, njia mbili, kutoka mji wa Inuvik, kaskazini-magharibi mwa Kanada, hadi Tuktoyaktuk kwenye pwani ya Bahari ya Aktiki. Kazi ilianza Januari 2014, ikafunguliwa rasmi 15 Novemba 2017. Kabla ya hapo gari lilifika Tuktoyaktuk majira ya baridi tu, likipita juu ya barafu ya mto Mackenzie na ya bahari. Barafu ikiyeyuka, ni ndege au boti. Watu walisherehekea, na walikuwa na haki.

Tatizo ni ardhi. Chini kuna pemafrosti, udongo unaokaa umeganda mwaka baada ya mwaka, na sehemu nyingi una matabaka ya barafu tupu ndani yake. Ukiwa umeganda unabeba lori lolote. Ukiyeyuka, maji yanaondoka na ardhi inatitia. Kinachoikinga barafu hiyo na jua ni mboji na vichaka vifupi vya juu, basi.

Sasa mtu anakuja na mazoea ya udongo mweusi wa huku kwetu: chimba, tupa, jaza murramu, shindilia kwa tabaka za milimita 150. Kule ukichimba umeondoa kinga yenyewe. Mtaro wako unageuka dimbwi, dimbwi linapasha joto udongo ulio chini yake, barafu zaidi inayeyuka, dimbwi linapanuka. Kwa hiyo sheria ni moja: hakuna kukata, ni kujaza tu. Hata mifereji ya kando haichimbwi.

Kazi inafanywa baridi kali, ardhi ikiwa ngumu, ili mitambo isijeruhi uso wake. Unatandaza jiotekstaili, kitambaa kigumu cha kutenganisha kifusi na udongo, juu ya mimea iliyoganda bila kung'oa kitu, kisha unamwaga kifusi mpaka tuta lifike unene wa chini wa mita 1.4 hadi 1.8, kutegemea ardhi ya mahali. Nia ni kwamba mstari wa mgando, yaani kina ambacho chini yake udongo hauyeyuki, upande juu hadi uingie ndani ya tuta lenyewe.

Ila kifusi nacho kimechimbwa kikiwa kimeganda. Hapa ndipo wengi hawanielewi. Roli hata litetemeke vipi halishindilii mabonge yenye barafu. Linayapanga tu, na mianya inabaki. Joto likija, barafu inayeyuka, tuta linashuka hapa na kubaki juu pale, kingo zinalegea. Ushindiliaji wa kweli unafanyika majira ya joto, kifusi kikishayeyuka na maji yakishachuja. Utepe ukatwe usikatwe, tuta la namna hiyo linahitaji misimu kadhaa ya joto kutulia. Ukilipiga lami mapema, lami inapasuka, maji yanaingia, na weusi wake unavuta jua juu ya barafu uliyokuwa unailinda. Changarawe ikibonyea unaongeza kifusi, greda linapita, mgongo wa barabara unarudi. Vumbi lipo, na changarawe inaliwa kila mwaka. Hiyo ni gharama halali.

Kinachonisumbua mimi ni kingo. Theluji inayosukumwa kutoka barabarani hulundikana kwenye miteremko ya tuta, na theluji ni blanketi: inazuia baridi kuingia ardhini. Katikati ya barabara baridi inashuka ardhini vizuri, lakini kitakoni, pale mteremko wa tuta unapokutana na ardhi, kunabaki na joto. Matokeo ni nyufa ndefu zinazofuata ukingo, kisha bega zima linaanza kuteleza. Vitabu huchora mstari wa mgando ukipanda kwa ulinganifu chini ya tuta lote. Karibu na kitako, mchoro huo siuamini. Na unene wa tuta hukokotolewa kwa halijoto zilizokwisha kupimwa, wakati Aktiki inazidi kupata joto. Kuapa kwamba unene wa leo utatosha miaka 50 ijayo, mimi siwezi.

Makalvati, mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, ni kero nyingine: yanaziba kwa barafu kabla ya mafuriko ya kuyeyuka, lazima yazibuliwe kwa mvuke mapema, la sivyo maji yanajitafutia njia chini ya bomba.

Na barabara hii huitwa ya "misimu yote"; neno hilo lisomwe vizuri. Linahusu Inuvik hadi Tuktoyaktuk. Kutoka Inuvik kwenda kusini unatumia barabara ya Dempster, iliyofunguliwa 1979, inayovuka mito ya Peel na Mackenzie kwa feri wakati wa joto na juu ya barafu wakati wa baridi. Barafu inapoanza kushika, na tena inapovunjika, feri haivuki na barafu haibebi gari, unasubiri. Mwenye hasira na pesa za umma aulize mbona hakuna daraja Tsiigehtchic, pale feri inapovuka Mackenzie, lami aiache.