Kompyuta ya dukani haijui rangi ya Raleigh yako

Mtu akija na fremu ya baiskeli mkononi nimpake rangi upya na kikaratasi kina namba ya rangi nishajua tutabishana. Wiki hii tena. Kaenda duka la rangi, kapimisha mashine kwenye paipu ya juu, kapewa kopo, ananiambia fundi wewe puliza tu, kompyuta ishasoma. Imesoma nini jamani? Imesoma ilichowekewa, nacho ni rangi iliyopigwa na jua la Mombasa miaka na miaka, juu yake klia, lile koti la mwisho lisilo na rangi, iliyogeuka manjano, na jasho na mafuta ya kila aliyeipanda.

Rangi ya kiwandani itafute pale jua halijafika: chini ya beji ya mbele, chini ya klampu ya siti, nyuma ya kava ya cheni, na pindua fremu utazame chini pedeli zinapopita. Msasa weka mbali kwanza! Osha na maji baridi na sabuni chumvi yote itoke, halafu kompaundi laini, ile dawa ya kung'arishia rangi, kwa kitambaa, sehemu ndogo tu, ule unga mweupe wa rangi iliyochakaa ukiondoka mara nyingi unaikuta rangi ingali hai.

Sasa kinachonikera hasa ni hizi baiskeli za Raleigh zilizotoka kiwanda cha Nottingham, Uingereza, zenye ule wekundu au ukijani wa kumetameta, watu wanadhani ni rangi moja. Si moja. Chini kuna fedha, juu yake koti la rangi linalopitisha mwanga, mwanga unaingia unagonga fedha unarudi na rangi. Kwa hiyo idadi ya makoti ndiyo rangi yenyewe, mawili utapata nyekundu changa, matano ishaelekea damu ya mzee, na kwenye maungio ya paipu inajikusanya inakuwa nzito zaidi. Mashine itakupa namba gani hapo? Ukipuliza metaliki ya kopo moja inatoka kama bampa ya matatu.

Mimi nakata vipande vya bati, vyote napiga fedha, halafu hiki koti moja, hiki mawili, hiki matatu, nyuma naandika makoti mangapi na thina kiasi gani. Naviacha vikauke kabisa maana rangi mbichi na kavu si kitu kimoja, ndiyo navishika kando ya ile sehemu ya chini ya beji, kivulini, kisha juani, kisha ndani kwenye taa. Rangi mbili zilizochanganywa kwa unga wa rangi tofauti zinaweza kupatana chini ya taa ya duka na ukitoka nje zikaachana kabisa. Nani anaendesha baiskeli chini ya taa ya duka?

Nyeusi nazo ziko nyingi, ya zamani ilichomwa kwenye oveni, iweke kando ya ya kopo uone moja inavyovuta ubuluu na nyingine uhudhurungi. Na msimu wa masika usipulize rangi ya selulosi hewa ikiwa imelowa, itafanya ukungu mweupe.

Lakini hata chini ya beji hapaaminiki moja kwa moja, na hili watu hawalisemi. Rangi za mafuta, hasa nyeupe na ya maziwa, hugeuka manjano zikikaa gizani. Kwa hiyo ukikuta rangi ya maziwa chini ya beji, ilitoka hivyo kiwandani au ilikuwa nyeupe? Mimi huiacha sehemu ile juani siku kadhaa, umanjano wa gizani hupungua, ukibaki naichukulia ilikuwa ya maziwa. Ni kukisia kwenye msingi, sikatai, lakini ni bora kuliko kikaratasi.

Na kama rangi nyingi bado imeshika, kwa nini tuitoe yote? Kiraka kifananishwe na ule mpauko wa hapo hapo, si na rangi ya chini ya beji, la sivyo kitaonekana toka ng'ambo ya barabara.

Beji yenyewe niachieni mimi niitoe. Nyingi zimeshikwa na ribiti ndogo, ukichokoa kwa bisibisi rangi ya chini inabanduka nayo, na ndiyo sampuli tuliyokuwa tukiitegemea.